Milioni Kumi na Washauri Wasioalikwa

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, tangaza kwamba unatafuta gari. Msiba huwaleta wa karibu. Gari huwaleta hata wale uliodhani wamehamia Songea na kubadili namba za simu. Ukiongeza kwamba uwezo wako ni milioni kumi, na kwamba baada ya kununua zitabaki laki chache za matengenezo kwa mwaka mzima, ndiyo wanachangamka zaidi, maana ushauri wao haukatwi humo.

Mimi sina makuu. Nataka stesheni wagoni. Gari lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, buti lililonyooka linalomeza gunia la mkaa, mtungi wa gesi, tranka na godoro la mtoto anayepelekwa bweni, na bado ikapatikana nafasi ya bibi mmoja asiyesafiri bila kuku. Na likinizimikia Chalinze saa nne usiku, kifaa kilichokufa kiwe kinauzwa Chalinze. Hilo la pili ndilo sharti lenyewe, na ndilo hakuna anayetaka kulisikia.

Shemeji yangu alikuwa wa kwanza. "Shem, chukua Legacy. Ule mngurumo tu, watu wanageuka." Sikatai, Subaru ni gari tamu. Lakini injini yake imelala, silinda zimetazamana kushoto na kulia, na kubadili plagi tu fundi anapitisha mkono ubavuni akipapasa kama mkunga. Kuna gasketi za silinda hedi, ambazo kwenye zile injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya tisini zilijulikana kwa kuvuja hadi ng'ambo. Kuna mkanda wa taimingi unaodai kubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na ukikatika ukiwa mwendoni, vali huenda zikakutana na pistoni. Sasa gari lililopita mikononi mwa watu ambao hata kadi haiwataji wote, nani anajua mkanda ulibadilishwa lini? Muuzaji atakwambia juzi. Juzi ya muuza gari huanzia enzi za Mkapa.

Nikamuuliza shemeji: gasketi zikienda, laki zangu zitafika wapi? Akajibu kwamba ukiwa na roho ya kimaskini hutamiliki gari zuri. Huyu ni mtu anayepanda mwendokasi.

Mjomba yeye ni mtu wa Caldina. Aliwahi kuwa nayo, zile za zamani zenye injini ya 3S-FE, na akianza kuisifu utadhani anamzungumzia marehemu mke wake wa kwanza. Ile ilikuwa injini kweli, nakubali. Tatizo ni kwamba Caldina za kuanzia 2002, zile za lita mbili zisizo na turbo, ni D-4: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Utaalamu safi kwa petroli safi. Sisi kuna siku tunanunua petroli ya kwenye dumu kwa mama anayeuza pia ndizi, na hiyo pampu haina subira na mama huyo. "Basi chukua ya 1.8," mjomba akasema. Hiyo ina 1ZZ, ambayo matoleo yake ya mwanzo yana sifa ya kunywa oili. Mjomba akanuna, akasema vijana wa siku hizi tunasoma mno.

Nikaachana nao, nikaenda kwa mtu ambaye hana sababu ya kunipenda: muuza spea, Gerezani, Kariakoo. Wengi huchagua gari kwanza, halafu ndiyo wanakwenda kuulizia spea wakiwa wamekunja mikono ya shati na jasho linawatoka. Mimi nilikwenda bila gari. Nikawa namtajia injini moja moja. Kwa nyingine aliniuliza namba ya chesisi. Kwa nyingine akasema inapatikana, ila niache advansi, mzigo unatoka Dubai. Nilipotaja 1NZ hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono nyuma ya kichwa chake bila kugeuka na kushusha boksi.

Sababu ni nyepesi. Injini hiyo ya 1NZ-FE, lita 1.5, Toyota waliitia kila walipoona nafasi: kwenye IST, Raum, Spacio, Fielder, Vitz kadhaa. Kila IST ya kuitwa kwa simu inayobeba abiria hapa Dar inalinda maisha ya stesheni wagoni yako, kwa sababu ndiyo inayomlazimu yule bwana wa Gerezani ajaze rafu. Na haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Usipoinyima oili, itakaa muda mrefu.

Kwa hiyo, kwa stesheni wagoni zenye injini hiyo, ikabaki Fielder au Probox. Fielder ni mrembo na anajijua, bei yake ina maringo. Milioni zangu zikaangalia Probox.

Nyumbani palichafuka. Kwenu msioijua Kanda ya Ziwa, kule Probox inayopakia abiria huitwa mchomoko, na sifa za michomoko si za kupiga picha ukutani. "Yaani tusimame kanisani watu waulize nauli?" mke wangu alisema. Nilijitetea kwamba gari hilo lilitoka Japani mwaka 2002 likiwa limebuniwa kwa ajili ya watu wa kazi, wachuuzi wa makampuni wanaoshinda barabarani na sampuli zao. Kiti cha nyuma chembamba kinalala flati, na toleo lake la mizigo limepimwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili. Akaniuliza yeye na mama yake ni sampuli za nani.

Sasa njoo kwa madalali. Dalali wa magari hauzi gari, anauza wasifu. Gari lilikuwa la mama mmoja wa ofisini, anakwenda kazini na kurudi. (Huyo mama lazima ana magari kama mia nne, na yote kachoka nayo kwa wakati mmoja.) Injini haijafunguliwa. Rangi ya Japani. AC ya kugandisha. Haidaiwi, maongezi yapo. Na juu ya yote: "Bosi, chuma hiki ni namba E."

Hapo ndipo taifa zima tumerogwa. Herufi za kibao zinasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini, hazisemi lilizaliwa lini. Probox ya 2004 iliyoingia juzi inavaa namba E na kutembea kifua mbele. Ya 2008 iliyotangulia kuja inavaa namba C na kudharauliwa na mdogo wake mwenye umri wa kaka. Wakenya angalau wamejiwekea kikomo: gari lililozidi miaka minane haliingii. Sisi tunampokea babu, tunamtoza uzee wake, tunampa kibao kipya.

Probox moja dashibodi yake ilisoma kilomita elfu 78. Nikafungua mlango wa dereva nikakuta kile kistika cha gereji za Kijapani cha kukumbusha kubadili oili. Kijapani sisomi, lakini tarakimu ni zilezile: 131,000. Dalali alikitazama kwa muda, akasema hiyo ni namba ya simu.

Nyingine nilikuta injini imeoshwa inang'aa, na ya moto, saa moja asubuhi. Injini ya moto asubuhi ni ya kuachia hapohapo. Gari linalouzwa liwashwe likiwa limelala usiku kucha, usimame nyuma uone moshi: wa buluu linachoma oili, mweupe usiokoma linakunywa maji. Kabla ya hapo fungua mfuniko wa rejeta. Ukikuta maji yamekuwa maziwa, rudi nyumbani ukanywe chai. Na fundi wa kukusaidia asitoke mtaa mmoja na dalali. Fundi wangu wa kwanza aliingia uvunguni, akatoka, akasema gari halina tatizo kabla hajajipangusa magoti. Baadaye niliwaona yeye na dalali wakigawana supu.

Nililipata kwa mwalimu mstaafu, namba C, rangi nyeupe iliyofifia, daftari la sevisi limeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Shemeji alilizunguka mara moja akasema, "Hongera, ila." Hakumalizia.

Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na wikendi. Mjomba amehamisha matofali. Shemeji amebeba saruji ya msingi wake wa Bunju, mifuko ambayo ukiipigia hesabu inazipita zile kilo 400. Kwaya ya akina mama ina spika zake. Mwenyekiti wa mtaa ananipigia kabla hata ya kumpigia mfiwa. Wote wanasema hilo ni gari la kazi, halichoki. Injini haijaniomba hata plagi, lakini shokapu za nyuma zimeanza kuvuja, na Jumamosi kuna viti vya plastiki vya harusi ya mtoto wa jirani. Nimewaambia safari hii mafuta ni juu yao. Wamesema tutaongea.