Mshauri wa Magurudumu Mawili

Mheshimiwa Mshauri,
Kijana wangu wa miaka 14 ananililia baiskeli ya BMX. Nimeiendea dukani nikaiona: siti iko chini kama kibao cha mbuzi, keria hakuna, kengele hakuna. Nimeazimia kuinunua, niinue siti na kufungisha keria, ili apeleke nazi sokoni. Je, nimekosea?
Baba Mwenye Hesabu, Tanga

Ndugu yangu, hesabu yako ni njema, ila umeipeleka duka lisilo lake. Baiskeli hiyo ilizaliwa California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale watoto waliotamani mashindano ya pikipiki za vumbini, wasiokuwa na pikipiki wala baba wa kuwanunulia, walipoziingiza baiskeli zao fupi katika vumbi lile lile wakarukaruka nazo. Na kwa kuwa arukaye husimama juu ya pedali wala hakai, siti huteremshwa ili isimgonge pahala ambapo adabu hainiruhusu kupataja. Kuitia keria ni kumtwika farasi wa mashindano magunia ya mkaa. Kwa nazi, nunua Phoenix, baiskeli ya mizigo. Kwa kijana, nunua BMX. Na fedha zisipotosha mbili, shauriana na mama yake, maana mimi silali kwenu.

Bwana Mshauri,
Kimo changu ni futi 5 na inchi 10, nami naambiwa gurudumu la kawaida la BMX ni inchi 20 tu. Dada zangu wasema nitafanana na ngamia juu ya kigoda. Nifanyeje?
Mrefu, Mombasa

Dada zako wamesema kweli, lakini ngamia hapimwi kwa kigoda. Kipimo cha mpanda BMX hakimo gurudumuni. Kimo katika bomba la juu la fremu, litokalo shingo ya usukani hata nguzo ya siti: asiyefika futi 5 na nusu aghalabu hutoshwa na inchi 20 na nusu au pungufu yake, ilhali mtu wa kimo chako huanzia inchi 21, wala usiidharau nusu inchi hiyo, kwani ndiyo itakayohukumu baina ya magoti yako na usukani. Fauka ya hayo, tazama umbali uliopo kati ya ekseli ya pedali na ekseli ya gurudumu la nyuma: ukiwa mfupi, wa inchi 13 na kitu, baiskeli huinuka mbele kwa wepesi na kuzunguka kama pia, ukizidi, hutulia katika mbio. Shingo nayo ina tabia zake: iliyosimama, ya digrii 75 hivi, hutii mkono upesi; iliyolala kidogo ina subira.

Mshauri,
Nimeona mbili, moja ya rangi ya dhahabu, ya pili nyeusi tii, na muuzaji ameapa kwamba zote ni kromoli. Nichukue ipi?
Binti Mpenda Mapambo, Unguja

Kiapo cha muuzaji, binti yangu, hakichomelei chuma. Kromoli ni feleji iliyochanganywa na kromiamu na molibdenamu, aghalabu hutajwa kwa namba 4130, na kwa nguvu zake bomba huweza kufanywa jembamba, fremu ikawa nyepesi bila ya kuwa dhaifu. Lakini wako watengenezaji walitiao kromoli bomba la chini peke yake, mengine yakabaki feleji ya kawaida, nzito, kisha kibandiko kikanena kana kwamba fremu nzima ni ya ukoo huo. Basi uliza: "Mabomba yote, pamoja na foku na usukani?" Akikohoa, umekwisha kujibiwa. Feleji ya kawaida nayo yamfaa anayeanza, mradi ailipie bei yake. Ama dhahabu hiyo, itaondoka katika anguko la kwanza.

Mshauri,
Mume wangu, umri wake miaka 47, amejinunulia BMX.
Mke Mwenye Hofu, Lamu

Bibi, umri haumo katika vipimo vya fremu. Mnunulie kofia ngumu na kinga za magoti, kisha kaa barazani uangalie. Ila umtangulize mtoto mmoja vichochoroni, akawatahadharishe punda.