Elimu Bure, Lipia Hapa

Tangu 2003 elimu ya msingi nchini Kenya ni bure, na wazazi wa mitaa ya mabanda ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi hushukuru kwa dhati kila wanapolipa karo. Shule za serikali ni chache, zimefurika, hivyo wengi hukimbilia akademia za kibinafsi za mabati. Serikali nayo haikuzisahau akademia hizo: Julai 2018 ilizipelekea tingatinga. Shule kadhaa za Kibera zikabomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, watahiniwa wa darasa la nane wakiwa wamebakiza takriban miezi mitatu kufanya mtihani wao wa mwisho. Tusinung'unike, maendeleo ni maendeleo. Wenye magari sasa huwahi kuwachukua watoto wao shuleni katika mtaa wa kitajiri wa Karen.