Panya kwenye Kompyuta ya Shangazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kompyuta ya shangazi yangu ilitangazwa marehemu huku ikiendelea kuprinti kadi za michango ya harusi. Ndiyo siku Windows 10 ilipofikia ukomo wa huduma. Windows 11 nayo haina muda na wazee: inataka prosesa ya juzijuzi na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Laptopu ya Shangazi iliingia Morogoro kama mtumba, ina rami ya gigabaiti 4 na herufi R iliyobandikwa kwa gundi. Fundi akashauri inunuliwe mpya. Shangazi akamwuliza kama kwao bibi akishindwa kupanda ngazi huwa wanakwenda dukani.

Nikaitwa mimi. Katika ukoo wetu aliyewahi kuunganisha printa mbele ya mashahidi amekwisha kuwa mhandisi. Nikaifuta Windows, nikaweka Debian, mmoja wa mifumo ya bure ya Linux, kisha nikakaa kumchagulia sura. Kwenye Linux injini ni moja lakini sura ni nyingi, na watu wazima hugombana juu yake hadi usiku wa manane: kuna GNOME, kuna KDE Plasma, kuna nyingine chungu nzima. Mimi nilichukua Xfce, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Mfaransa Olivier Fourdan, kwa sababu haina njaa. Ikishawaka, mfumo mzima unaridhika na chini ya gigabaiti moja ya rami, na zinazobaki zinakwenda kwenye kazi za wateja.

Sifa yake ya pili ni uvivu, na nalitamka neno hilo kwa heshima. Toleo la 4.12 lilitoka Februari 2015, la 4.14 likatoka Agosti 2019. Katika muda huo mtu angeweza kuchumbia, kuoa, kupata mapacha, na akirudi akakuta menyu palepale alipoiacha. Kazi kubwa iliyofanyika miaka yote hiyo ilikuwa kuihamisha Xfce kwenda GTK 3, zana zinazochora vitufe na menyu, kwa ustadi kiasi kwamba mtumiaji wa kawaida asigundue kitu. Mtu anayejitolea miaka minne ili wewe usione tofauti yoyote, mimi naamini ana pepo yake. Na si wanyonge tu wanaokimbilia huko. GNOME ilipobadilisha kila kitu kwa mkupuo katika toleo la 3, mwaka 2011, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, alichukia akahamia Xfce kwa muda. Shangazi hajui Torvalds ni nani, lakini kuhusu watu wanaohamisha vitu bila kuulizwa wangeelewana vizuri sana.

Basi nikakabidhi mashine. Kesi ya kwanza ilikuwa panya. Nembo ya Xfce ni panya, naye alikuwa anachungulia kwenye kitufe cha menyu, pembeni juu. Steshenari ya Shangazi ndiyo kwanza ilikuwa imetoka vitani na panya wa kweli, waliokula karatasi za A4 na kumalizia na waya wa mashine ya laminesheni. Shangazi akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Baba, huyu umemleta wewe, au tulikuwa naye?"

Nikamtoa panya, nikaweka ua. Kwenye Xfce karibu kila kitu unaweza kukibadilisha ukitaka, na yapo mambo yanayobadilika hata usipotaka.

Mwanachuo mmoja alileta ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ichapwe. Shangazi amekwisha vuka katikati, kidole kikateleza kwenye gurudumu la kipanya wakati mshale uko juu kabisa ya dirisha, pale penye jina la faili. Ripoti ikakunjwa kama mkeka baada ya hitma. Likabaki jina tu, limening'inia peke yake. Xfce ilikuwa imetenda ilivyofundishwa: ukizungusha gurudumu pale juu, dirisha hujikunja, ukilirudisha, hujikunjua. Hivyo ndivyo inavyokuja toka mwanzo, na hakuna anayekuonya.

Kijana akashika kichwa. "Mama, kesho ndiyo mwisho wa kukusanya!"

Katika kuitafuta, Shangazi akazungusha gurudumu mahali patupu pa skrini, na hapo akaamsha la pili. Xfce hiyo ina meza nne za kazi, zote kwenye skrini moja, na gurudumu likizungushwa patupu unahama kutoka meza hii kwenda ile. Sasa hata lile jina likatoweka. Meza ya pili tupu. Ya tatu tupu. Kijana akaketi sakafuni. Niliyepigiwa simu ni mimi, na sauti ya Shangazi ilikuwa imetulia kabisa, jambo ambalo kwetu ni dalili mbaya.

"Baba, kazi ya mtoto wa watu imezama. Njoo."

Ilikuwa meza ya kwanza, imejikunja zake, haijapungua hata nukta.

Wapenzi wa Xfce watasema haya ni manufaa, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nasema hivyo. Lakini ukingo wa madirisha siutetei. Kwenye mitindo yake mingi ukingo una unene wa pikseli moja. Ukitaka kulipanua dirisha, unaukamata ukingo huo kwa mshale, pumzi umebana. Nimemwona Shangazi akivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma bismillahi, na bado akakosa. Dawa ipo: shikilia Alt, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya popote ndani ya dirisha, uvute. Watu wamelilalamikia jambo hili miaka nenda rudi, nao wamejibiwa Alt miaka nenda rudi.

Kisha kikaja kisa cha folda. Unapozima, Xfce ina kijisanduku kinachouliza kama ihifadhi kikao cha leo. Shangazi akaweka tiki. Nani hukataa kuhifadhi? Folda iliyokuwa wazi jioni hiyo ilikuwa ya MADENI, na ndani kila mdaiwa ana faili lenye jina lake kamili. Tangu hapo, kila asubuhi mashine ikiwashwa, folda ile ilijifungua yenyewe katikati ya skrini, na skrini ya Shangazi inatazama wateja. Mjumbe mmoja wa mtaa alisoma jina lake akiwa wa pili kwenye foleni, akalipa palepale. Mwalimu mmoja mstaafu hakulipa, akahamia kutoa kopi ng'ambo ya barabara. Shangazi aliniita kukifuta kikao kile kilichohifadhiwa pale tu waliohama walipoanza kuwa wengi kuliko waliolipa.



Kilichowanyamazisha wanafamilia waliotaka Windows irudishwe ni flashi. Flashi za wanachuo zina kile kirusi kinachoficha mafolda ya kweli na kuweka mahali pake njia za mkato za uongo. Kwenye Windows mwenye flashi huona vivuli tu, na akibofya ndiyo anakieneza. Ukiichomeka kwenye mashine ya Shangazi, Thunar, programu ya mafaili ya Xfce, hujali kidogo sana amri ile ya Windows ya kuficha: mafolda yanaonekana yote, na kirusi, kilichoandikiwa Windows, kinabaki kimelala hapo pembeni kama faili lisilo na kazi. Habari zikaenea mabwenini. Ua lipo kwenye menyu, lakini kwao ni "kwa Mama mwenye kompyuta ya panya", na kuokoa ripoti kuna bei yake ukutani.

Biashara ilipochangamka, Shangazi akataka kujua wanaotengeneza Xfce tunawalipa nini. Nikamweleza kuwa ni watu wachache wanaojitolea, hawatudai kitu. Hakupenda. Asiyedai, alisema, siku moja atakuja na kijiji kizima. Akaomba namba ya simu ya mkubwa wao, kwa ajili ya ule ukingo. Haipo.

Majuzi nilipita kuzima ule mkunjo wa madirisha; ni tiki moja tu kwenye mipangilio. Shangazi akanipiga kofi la mkono. Mbele yake alisimama kijana aliyelipia nusu. Shangazi akamfungulia ripoti, akamwacha asome jina lake, jina la chuo, mpaka kwenye shukrani kwa wazazi. Kisha akapeleka mshale juu na kuzungusha gurudumu.

"Umeiona ipo? Haya, leta elfu tatu yangu, nikukunjulie."