Ngeli za Shahada ya Kiingereza: Ushahidi kutoka Bariadi

Nomino za Kiswahili zimeshapangwa katika ngeli, zikapangwa upya, na wataalamu bado wanagombana. Masharti ya kupata shahada ya Kiingereza hayajapata bahati hiyo. Makala haya yanaziba pengo. Data zilikusanywa Bariadi, hasa kwenye foleni ya steshenari, ambako fomu za vijana wa Simiyu huchapwa, hukosewa na kuchapwa tena kwa bei ileile.

Ngeli ya LI-YA huangusha wengi mapema, kwa sababu humo limo jina. Jina sharti lipatane na lenzake kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na kwenye kitambulisho. Mtoto aliyezaliwa Ng'wandu, akaandikishwa shuleni na mwalimu mgeni kama Mwandu, ana kasoro ambayo wanaisimu huiita kukosekana kwa upatanisho wa kisarufi. Mawakili huiita kiapo, nacho hulipiwa.

Ngeli ya KI-VI ina Kiingereza chenyewe. Sarufi inadai neno hilo halina wingi. Utafiti wetu umekuta Viingereza vitatu: cha ubaoni, kinachomkuta mtoto kidato cha kwanza baada ya miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili na maisha yote ya kuamkiwa kwa Kisukuma; cha mtihani, kinachokaririwa usiku; na cha usaili wa kazi, ambacho kielelezo chake hakijapatikana. (Mwandishi ana cha pili tu.)

Ngeli ya U-I ni ya mkopo. Mkopo unasubiriwa, mikopo inasubiriwa: kitenzi hakibadiliki. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, umaskini nao umekuwa somo lenye vielelezo, mihuri na sahihi. Bumu, yaani hela ya mkopo, likichelewa, huangaliwa pamba. Pamba ikiwa imeshauzwa na kuliwa, huangaliwa ng'ombe wa mjomba. Mjomba ni wa ngeli ya A-WA, pamoja na mdhamini, mwenyekiti wa mtaa na bibi. Bibi tumwache kidogo.

Masharti yaliyoandikwa rasmi ni mepesi kuliko haya yote. Masomo mawili ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili. Kisha miaka 3 na krediti 360. Krediti moja ni saa 10 za kazi, hivyo jumla ni saa 3,600. Mchunga ng'ombe wa Itilima huzimaliza ndani ya mwaka mmoja, saa kumi kwa siku, na hakuna anayemvisha joho.

Ngeli ya mahali, PA-KU-MU, ni ya safari ya basi: pale Bariadi, kule chuoni Mlimani, mle ukumbini mnamojaa watu mpaka madirishani. Na ni mle, katika kozi ya fonolojia yenye sapu nyingi, data zetu zinamogeuka. Mhadhiri anafundisha Kanuni ya Dahl, iliyopewa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeishi kwa Wanyamwezi: konsonanti sighuna hugeuka ghuna silabi inayofuata ikianza na sighuna nyingine. Ndiyo maana tatu ya Waswahili huwa idatu kwa Wasukuma, ilhali tano hubaki itano, kwa kuwa n ni ghuna tayari. Darasa zima linanakili bila kuelewa. Kijana mmoja Msukuma wa Nkololo ameacha kuandika. Hesabu hiyo aliijua zizini kabla hajaota meno ya pili.

Likizo akamweleza bibi, kwa Kisukuma, kwamba chuoni amesomeshwa kanuni ya Mzungu inayosema kwa nini yeye hutamka idatu. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akauliza huyo Mzungu alikuwa na ng'ombe wangapi.