Mwenye Lenzi Apita Marikiti

Bwana mmoja wa lenzi ndefu kama bomba la mvua alipita hapa sokoni Marikiti juzi, akanunua tende, akatuarifu kwamba yuaelekea kisiwa cha Kisite, kule kusini kwa Shimoni, kuwapiga picha ndege aina ya buabua wakitamia "katika mazingira yao ya asili". Asili! Buabua hutaga chini, mwambani, hana sebule ya kupokelea wageni. Ukimsogelea huruka, yai likabaki kwenye jua kali, nawe wasema, "Subiri kidogo, mwanga haujakaa."

Kunguru wetu hapa, ambao jamaa zao waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasafishe taka, angalau hawajifichi. Hula mayai na makinda ya ndege wengine mchana kweupe, wala hawaiti tendo hilo uhifadhi.

Basi kama ni kiota tu, bwana, inua kichwa. Kunguru atamia papa hapa juu ya wauza nyama, kiota chake ni vijiti na vipande vya waya. Mpige picha kutwa nzima, haogopi mtu. Buabua mwache atamie, au mpige ukiwa mbali. Hiyo lenzi uliinunulia nini?