Sifa za Kungoja Kuitwa Chuo

Miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na zawadi iliyotengewa vichwa vikali peke yao. Mtoto wa Molo au Bahati akipata A kwenye KCSE, serikali ilimtunuku karibu miaka miwili ya kungoja kabla hajaingia chuo kikuu. Aliyepata C+ lakini ana baba mwenye pesa hakuionja heshima hiyo. Tangu 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha masomo ya kujilipia na vyuo vingine vikafuata, huyo alisukumwa darasani upesi, maskini wa Mungu, wino wa mtihani haujamkauka vidoleni. Yule wa A alikuwa bado anakamua ng'ombe Elburgon, akisikiliza kama Bodi ya Pamoja ya Udahili itasema neno. Walipokutana chuoni hatimaye, wa C+ ndiye aliyemwonyesha wa A njia ya kwenda bwenini. Sijui taifa jingine lililoienzi akili kiasi hicho.

Hata hivyo Kungoja anatukanwa sana hapa Nakuru. Utasikia akilaaniwa kwenye matatu za Njoro, kwenye foleni za saiba, hata kanisani baada ya ibada. Hana wakili. Leo nitamsimamia mimi, na sitadai ada, maana mteja wangu hajawahi kuwa na haraka ya kulipa.

Kwanza, ni wa ukoo mkubwa. Lord Maurice Egerton alifungua shule ya kilimo Njoro mwaka 1939, ile iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Mwaka mmoja kabla ya shule alikuwa ameanza kujenga kasri lake pale Ngata, na halikukamilika mpaka 1954. Husimuliwa kwamba alikuwa anangoja jibu la mwanamke mmoja, na jibu lilipokuja likawa hapana. Hakuoa mpaka anakufa mwaka 1958. Siwezi kuapa juu ya habari za mwanamke, lakini kasri lipo, na siku hizi maharusi hulipa kiingilio wapigiwe picha mlangoni pa mtu aliyekataliwa. Kijana wa Kaptembwa anayengoja kuitwa Egerton anafuata tu mila za mwenye boma.

Serikali nayo ilimtambua mapema. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na waliofuzu wakarundikana nyumbani. Kufikia 1984 wakubwa walikuwa wameona kwamba kungoja bila gwaride ni uharibifu. Waliofuzu wakapelekwa kwanza Huduma ya Vijana kwa Taifa, na wengi wakala vumbi la Gilgil, wakaamshwa kabla ya jogoo, wakashika jembe huku wakiimba. Mpango huo ukaachwa mwaka 1990. Lakini mkute leo daktari au jaji wa rika lile. Mwulize mhadhara wake wa kwanza ulihusu nini, atakuna kichwa. Mwulize habari za Gilgil, utaachwa na matatu.

Fadhila kubwa ya mteja wangu, hata hivyo, iko shambani. Tazama kalenda. Matokeo ya KCSE hutangazwa Januari, wakati mashamba ya Rongai na Subukia yanatayarishwa. Mwisho wa Machi mvua hushuka na mbegu huingia ardhini. Mei na Juni ni palizi. Wakati huo wote mtahiniwa yuko nyumbani, mkono wake umepona maumivu ya kuandika insha, na hana hata sababu moja ya kukataa jembe. KUCCPS, iliyorithi kazi ya ile bodi kwa sheria ya 2012, inapanga majina polepole, na kufikia Agosti au Septemba, palizi imekwisha, kijana anaambiwa afunge sanduku. Anaondoka kabla ya mavuno, kwa hiyo hata hindi moja la kuchoma halipungui. Kama kalenda hii haikuandikwa na mkulima, basi mkulima aliichungulia.

Asiye na shamba hakusahauliwa. Naivasha kuna maua, na Januari inapokatika mashamba hayo hutaka mikono mingi kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Msichana aliyemaliza kidato cha nne Novemba anasimama kwenye chumba cha baridi akipanga waridi kwa urefu wa vikonyo. Waridi hilo litafika mnadani Uholanzi kabla yeye hajafika Njoro. Mwenzake yuko Pipeline kwenye kibanda cha M-Pesa cha mjomba. Mwingine anafundisha darasa la tatu katika shule ndogo ya mtaani, anaitwa mwalimu na kila mtu isipokuwa siku ya mshahara. Na asiyepata chochote hupelekwa kujifunza pakeji za kompyuta, kwa kuwa mzazi wa Kenya haamini kwamba mtoto anaweza kukaa bila cheti kwa miezi minane na akabaki salama.

Angalia pia alivyounganisha majirani. Watu wa ploti moja Section 58 waliokuwa wakipishana kwa mwaka mzima na "habari" kavu sasa wana mazungumzo.

"Mama Brayo, kijana ameitwa wapi?"

"Bado, dada yangu."

"Hata wetu bado."

Wanasimama hapo na ndoo mkononi mpaka maji yanakatika. Kijana akishaitwa, mazungumzo haya hufa, yakazaa mengine mafupi zaidi kuhusu mchango.

Kisha kuna elimu ya uraia. Kijana anaweza kusoma katiba kwa miaka minne na asijue ofisi ya chifu iko upande gani wa barabara. Kungoja humfikisha. Fomu ya basari ya eneo bunge inataka muhuri wa chifu, na chifu anataka kwanza neno la mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa amekwenda mazishi Kuresoi. Kuna fomu ya kaunti pia, nayo ina mihuri yake. Nakala ya kitambulisho cha baba, nakala ya kitambulisho cha mama, au cheti cha kifo kwa aliyefiwa, kikatolewa kivuli mara nyingi hadi jina la marehemu likafifia. Ukipita kwenye mashine za kutoa nakala karibu na Kenyatta Avenue msimu huo utadhani mji wote unahama. Kufikia mwezi wa sita kijana huyo anajua dola inavyofanya kazi kuliko mwalimu wake wa historia.

Tukifika kwenye pesa zenyewe, mteja wangu anastahili kusimamiwa na umma wote. Zamani, tangu HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilipoundwa mwaka 1995, swali lilikuwa moja tu: mkopo umeingia? Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya, na kungoja kukakua. Sasa unangoja kuitwa, halafu unajaza habari za nyumba yenu, wazazi wanapata nini, ndugu wangapi wako shuleni, halafu unangoja kuambiwa nyinyi ni maskini wa daraja gani. Mwaka 2024 madaraja yalikuwa 5. Familia ya daraja la 1 ililipa asilimia 5 ya gharama ya masomo. Ya daraja la 5 ililipa asilimia 40, zilizobaki zikawa ufadhili na mkopo. Mwaka huohuo wanafunzi wengi walilalamika kwamba wametupwa daraja lisilo lao. Mimi nawaona hawana shukrani. Mama anayeuza sukuma wiki Top Market, ambaye hata chama chake hakimkopeshi bila mdhamini, anafungua simu na kukuta kwamba yuko daraja la 5. Ni nani mwingine amewahi kumwambia kwamba yeye ni tajiri? Asiporidhika anaruhusiwa kukata rufaa, na rufaa, kama mnavyojua, husikilizwa baada ya kungojwa.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatangaza kwamba mfumo huo unakwenda kinyume cha katiba. Niliogopa kwamba mteja wangu angepoteza kazi. Lakini serikali ikakimbilia Mahakama ya Rufaa, na huko pia kuna mabenchi ya kukalia.

Nakiri kwamba maadui zake wana hoja moja ambayo sijaweza kuipangua. Wanasema Kungoja ana ubaguzi: huenda kwa aliye na shamba la nusu ekari na kupita bila kubisha kwenye nyumba zenye magari mawili. Mtoto wa huko Milimani hangoji daraja. Hujaza fomu ya chuo cha kibinafsi, baba akalipa, na kufikia Mei keshachagua kitanda cha karibu na dirisha. Hapo nimeshindwa kumtetea.

Vyuo vyenyewe havina adabu ya mteja wangu hata chembe. Siku ya kuripoti ikifika vinataka malipo ya kwanza, vinataka pesa ya chumba, vinataka picha za pasipoti, na ukiwaambia wakubwa "bado" wanakutazama kana kwamba umesema Kigiriki. Ndiyo maana, msomaji, Septemba hii ukimwona kijana amekaa juu ya sanduku pale steji ya Njoro, usimwulize ameitwa wapi. Mwulize karo imepungua kiasi gani, kisha mkono uende mfukoni.