Mimi, Mkulima wa Dola Tatu

Mpwa wangu ana ulimi wa mbunge. Alisema tu, "Anko, hawa jamaa wako wawili, wanatengeneza gemu kali, tuwasapoti," na mimi nikajikuta nachangia dola tatu kila mwezi kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Kadi hiyo hukata makato ya kubadili fedha, kisha ya huduma, kisha mengine ambayo hayajitambulishi.

Cheo nilichopewa ni Mkulima. Juu yangu yuko Askari wa dola 10, juu yake Diwani wa dola 25, na kileleni amekaa Mfalme wa dola 100. Askari hucheza toleo la majaribio kabla yangu. Diwani hupiga kura joka liwe na rangi gani. Mfalme huongea na watengenezaji wenyewe kila mwisho wa mwezi, na jina lake huchongwa kwenye kaburi ndani ya gemu. Kwa nini mtu alipie kaburi, sijui. Huku kwetu tunalikimbia hata la bure. Mkulima hupewa shukrani. Huja kila Ijumaa kwa barua pepe, na chini yake kuna kitufe cha kunialika niwe Askari.

Siyo kwamba madaraja ni mageni kwetu. Hapa Dar mchango wa harusi una kadi ya single na kadi ya double, na usipomaliza ahadi unajua kabisa jioni hiyo utakula kwako. Lakini kamati ya harusi, pamoja na kero yake yote ya kutukumbusha saa tano usiku, ina tarehe ya ukumbi. Siku ikifika bibi harusi anatoka, na pilau ya mwenye single ni ile ile ya mwenye double. Hawa wangu tarehe yao ni "hivi karibuni".

Na wana wakubwa zao. Gemu la Star Citizen lilianza kuchangisha mwaka 2012. Mwaka 2018 likaweka dukani kifurushi kiitwacho Legatus, chenye karibu meli zake zote za angani, kwa dola 27,000. Hukuruhusiwa hata kukitazama kama hujawahi kutumia dola 1,000 humo. Yaani kuona bei kuna kiingilio! Gemu lenyewe mpaka leo liko kwenye majaribio, kwa hiyo mwenye meli zote na mwenye meli moja wanangoja pamoja. Huo ndio usawa pekee nilioukuta humo.

Sisi wa chini tunakamuliwa hata na hesabu. Desemba 2017 Patreon, ambako wasanii wengi hukusanyia michango yao, ilitangaza kuwa mchangiaji ndiye atakayebeba ada: asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango. Anayetoa dola 100 angelipa 103.25. Anayetoa dola moja angelipa 1.38. Mnyonge aongeze asilimia 38, tajiri aongeze tatu na ushee! Watu wakapiga kelele, wengine wakaondoka, na baada ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kuufuta mpango.

Nisiwe mnoko. Gemu huchukua miaka kutengenezwa, na mwenye nyumba hangoji liuzwe ndipo adai kodi yake. Mwenye nacho atoe zaidi na asifiwe, sina kinyongo. Kinachonikera ni kwamba kila zawadi ya huko juu ni kazi ya mtu. Kaburi la Mfalme lazima lichorwe. Kura za Madiwani zihesabiwe, joka lipakwe rangi upya. Hao wawili wakishamaliza kuwahudumia wakubwa, gemu tunalolingoja sote linafanyiwa kazi usiku, kwa usingizi.

Mbona wengine waliweza? Ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, walitoa gemu lao, Dwarf Fortress, bure mwaka 2006 wakaishi kwa michango. Mchangiaji alizawadiwa kihadithi au mchoro wa kalamu za nta, ule wa chekechea, na gemu likabaki moja kwa wote. Hata kwenye gemu la Undertale, ambamo mchangiaji mkubwa aliwekewa mhusika wake, mheshimiwa huyo hujitokeza tarehe 10 Oktoba tu, halafu anatuachia gemu letu.

Wangu wameenda njia nyingine. Wametangaza daraja jipya, Mkulima Mwandamizi, dola tano. Faida zake nimezisoma kwa miwani na bila miwani: ni shukrani zile zile, ila zinafika Alhamisi. Wakulima tumelalamika, na kwa kweli wametusikiliza. Suala la kama hiyo ni haki limepelekwa kwenye kura, na wapiga kura ni Madiwani.